Presha ya bi mkubwa na mishipa midogo ya ubongo

Dada wa Siyu, huko kisiwani Pate, umeuliza kama ugonjwa wa mishipa midogo ya damu ya ubongo ni wa Wazungu, maana daktari kauona kwenye picha ya kichwa cha bi mkubwa na nyumbani hakuna aliyewahi kuusikia. La, kwetu umo tele. Karibu robo ya viharusi vya mishipa kuziba hutokana nao. Kinachokosekana ni MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, inayouonyesha vizuri zaidi. Nchi maskini zinazo chache, na bei unaijua. Basi mtu akisahausahau, akiburuta miguu, twasema uzee. Wengine watasema karogwa.

Chanzo kikubwa ni presha. Mama yangu hapa Malindi alikuwa akimeza dawa siku kichwa kikimuuma tu, na presha haiumi, ndiyo hila yake. Sasa vidonge vyakaa kando ya birika la chai, nami navihesabu kila Ijumaa. Ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, twamrowekea usiku kucha, maji twamwaga ili chumvi ipungue. Hunung'unika, lakini hula.

Bi mkubwa mpimeni sukari pia. Na mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakimtatiza, hizo ni dalili za kiharusi, msingoje kupambazuke: tafuteni boti ya kumpeleka hospitali usiku huohuo.