Kabla hujamwaga zege ufuoni

Ndugu yangu, umeuliza kama ujenge ukuta pale Kunduchi, Dar es Salaam, maana bahari imeshang'oa minazi yako na inasogelea vyumba vya wageni. Nakusihi usikimbilie zege. Wimbi likigonga ukuta hurudi kwa nguvu, huzoa mchanga wa chini na kumhamishia jirani balaa. Hoteli ya Africana ilimezwa na bahari kwenye ufuo huohuo. Mchanga wa ufuo huo huletwa na mito kama Tegeta na Mbezi, na ndiko watu wanakochimba wa kujengea! Huo ndio ugomvi wa kuupeleka serikali ya mtaa, wewe pamoja na majirani. Vyumba virudishe nyuma. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Majani yatambaayo ufuoni usiyafyeke, yanashika mchanga. Ukiona lazima ujenge kizuizi, anzia NEMC, baraza la taifa la mazingira.