Bustani ya nyumbani huku Pwani: piga hesabu ya maji kwanza, mbegu baadaye

Mkuu, umeuliza kwa nini bustani yako ya Chanika imekufa karibu yote mwezi wa tano wakati mvua ilikuwa inanyesha karibu kila siku, na kama dawa yake ni kuongeza mbolea ya dukani. Mbolea haihusiki kabisa. Mimi niko Kibaha, kiwanja 20 kwa 20, nyumba imekula karibu nusu, na nimeshaua mimea mingi kuliko niliyokula, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta.

Mboga za huku hazifi kwa njaa, zinakufa kwa maji. Masika yanazidi, Januari na Februari hayapo. Ukishalikubali hilo, hutauliza tena "nipande nini", utauliza "huu mwezi maji yakoje".

Mwaka wa kwanza nilifanya hivyo hivyo kama wewe. Mvua za Machi zimeanza, nikajua ndio wakati wa kulima, maana tumekua tukiona mahindi yanapandwa hivyo. Nikaweka nyanya mashina 60. Zikashika vizuri mpaka zikaanza kutoa maua. Siku moja naamka nakuta mashina matano yamelegea, majani bado ya kijani, kama mtu kayamwagia maji ya moto. Jioni yakachangamka kidogo, kesho yake yakalala moja kwa moja. Nikadhani kiu, nikaongeza maji!

Jirani yangu ni bibi wa Kizaramo, katokea Kisarawe. Alikuwa ananiangalia tu toka kibarazani kwake. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akasema, "Mjukuu wangu, ng'oa hilo moja, uje na glasi ya maji." Akalikata shina karibu na mzizi kwa kisu cha jikoni, akalishika wima, ile sehemu iliyokatwa imegusa maji. Tukakaa kimya dakika chache. Ukaanza kushuka uzi mweupe, mwembamba, kama tone la maziwa linavyonyooka kwenye chai ya rangi. "Umeona? Hiyo sio kiu. Huo mnyauko. Hapo hata umwagie mto Ruvu wote, hauponi."

Mnyauko wa bakteria unakaa kwenye udongo, unapenda joto na unyevu, na hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya mmea ulioshikwa. Unang'oa na mizizi yake, unachoma, na kwenye tuta hilo hurudishi nyanya wala ndugu zake: bilinganya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo. Kwenye lile tuta langu mpaka leo napanda mahindi na mchicha tu. Kwa hiyo kabla hujaenda duka la pembejeo kumsikiliza muuzaji, fanya kipimo cha glasi. Ni bure.

Sasa masika mimi naifanyia nini? Naipandia vitu ambavyo maji hayavitishi. Matuta ya kuinua, yanafika katikati ya muundi, na mifereji kati yake ili maji yasisimame. Hapo naweka matembele. Kata marando ya urefu kama futi moja, yaache kivulini siku moja yalegee, halafu fukia vifundo vitatu au vinne jioni. Watu wengi wanayapanda yakiwa mabichi saa sita mchana, kisha wanalalamika kwamba marando hayakuwa mazuri. Pembeni ya ukuta ni kisamvu, vipande vya shina tu unavichomeka. Migomba iko pale yanapotokea maji ya bafuni, inakunywa yenyewe mwaka mzima. Mipapai sikushauri uipande bondeni hata kidogo, ikikaa kwenye maji yaliyosimama siku chache tu mizizi inaoza. Yangu iko kwenye kichuguu kidogo, miche mitatu kila shimo. Ikitoa maua nang'oa madume, yale yenye maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu, nabakiza jike moja.

Msimu wenyewe wa bustani ni kipupwe, Juni mpaka Agosti. Hili ndilo lililonichukua miaka miwili kulielewa, kwa sababu macho yetu yanafuata mvua. Kipupwe jua si kali, usiku kuna ubaridi, udongo bado una unyevu wa masika, na magonjwa ya majani yanapungua kwa vile majani yanakaa makavu. Mbegu za nyanya naweka kitaluni mwanzoni mwa Mei, chini ya kichanja cha makuti ili mvua isizipige. Juni nahamisha miche. Mwishoni mwa Agosti tunachuma. Chinese, sukuma wiki, karoti, hoho, zote naziweka kipindi hicho. Adui ni kantangaze, yule mdudu anayechora njia ndani ya jani la nyanya mpaka linakuwa kama limeungua. Kwa mashina 30 ya nyumbani huhitaji pampu: kila asubuhi ukiwa na kikombe cha chai mkononi, chuma majani yenye michoro, tia kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uanike juani. Usiyatupe kwenye mboji, utakuwa umemfugia.

Mchicha unapanda wakati wowote, wiki tatu au nne unakula, lakini mbegu zake zina mambo mawili. Moja, ni ndogo mno, changanya na mchanga mkavu ndipo umwage kwenye mistari, la sivyo zitaota kama zulia na zote zitakuwa dhaifu. Pili, sisimizi wanazibeba. Mimi nilirudisha dukani pakiti nikigomba kwamba mbegu ni mbovu, kumbe zilikuwa zinahama mbele ya macho yangu, foleni ndefu mpaka kwenye ufa wa ukuta. Siku hizi nazungushia jivu.

Vuli naipandia kunde na bamia, basi. Vuli haiaminiki. Oktoba 2022 Ruvu ilipungua mpaka maji ya bomba yakaja kwa mgao; mwaka uliofuata ikaja ya El Nino, kunde zangu zikaogelea. Ukipanga bustani nzima kwa kutegemea vuli unacheza kamari.

Kiangazi cha Januari ndipo hesabu inapokuwa hesabu kweli. Paa langu lina kama mita za mraba 60. Mvua ya milimita 10 juu yake ni lita 600, hata zikipotea mia moja njiani bado ni nyingi. Nina tanki la lita 2,000, linakuwa limejaa mwisho wa vuli. Tuta la mita 1 kwa 5 kwenye mchanga wa huku linakunywa ndoo mbili za lita 20 kwa siku, moja asubuhi moja jioni. Matuta mawili ni lita 80. Tanki linaisha siku ya 25. Ndiyo maana Januari nina matuta mawili tu na mengine yote yamelala chini ya majani makavu. Na hayo mawili si ya kuinua, ni ya kuzama: kingo juu, mmea chini, maji yote yanabaki kwenye mizizi. Tandaza nyasi kavu au pumba za mpunga, halafu kivuli chepesi cha makuti. Tukikwama kabisa tunakula kisamvu, kile hakijali.

Mke wangu alipendekeza kuku ili tupate samadi. Wazo zuri, tulilikosea mara mbili. Kwanza nilimwaga samadi mbichi kwenye chinese, ikaungua yote ndani ya siku nne. Sasa nairundika na maranda na majani, naigeuzageuza, miezi miwili ndipo inaingia bustanini. Ikiwa haina tena ile harufu ya kukata pua, imeiva. Pili, sikuchanja. Kideri kilipita kiangazi kikaondoka na kuku 11 kati ya 14 ndani ya wiki moja, shingo zimepinda, kinyesi cha kijani. Chanjo ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kuku akiwa mzima. Nimeandika tarehe kwa chaki kwenye mlango wa banda.

Kwa hiyo, kwa sasa usinunue chochote. Fanya kile kipimo kwenye mashina yaliyobaki, tengeneza kitalu kidogo cha nyanya uwahi kipupwe, kwenye tuta ambalo halijawahi kuona nyanya. Marando ya matembele ninayo mengi. Ukipita Kibaha njoo na kiroba, nitakukatia.