Ukiagiza mzigo Arusha, usianze na bei

Mtu wa Nairobi akiongea na Mchina huwa makini na kila neno. Akimpigia muuzaji wa Arusha hulegeza, kwa sababu wote ni Waswahili na anaona hakuna cha kutafsiri. Hapo ndipo biashara nyingi huharibikia.

Chukua oda ya vitunguu inayopita Namanga. Simu huenda hivi: "Hallo, sasa? Nitumie gunia ishirini Alhamisi. Ni pesa ngapi?" Aliyepiga anaona ameheshimu muda wa mwenzake. Aliyepokea amesikia amri, tena ya mtu ambaye hata habari za asubuhi hakuuliza. Hatagomba. Atajibu kwa upole, "Sawa, ngoja tuangalie," na kesho yake simu yako itaita bila kupokewa.

Tiba yake haimalizi dakika moja. "Habari za asubuhi? Za nyumbani? Pole na kazi." Subiri ajibu kila moja; ukizimwaga kwa mkupuo, anachosikia ni haraka yako tu. Kama ni mtu mzima kwako, anza na shikamoo na usiendelee kabla ya marahaba. Kisha badilisha kitenzi: badala ya "nitumie", sema "naomba unitumie". Wakenya wengi huona "naomba" ni kujishusha, kana kwamba mnunuzi anaomba msaada. Sivyo kabisa. Arusha mtu husema "naomba soda" na hela anayo mkononi.

Kazi kubwa ni kuisikia "hapana", maana mara nyingi haitamkwi. "Nitajitahidi" isiyofuatwa na siku wala idadi, ihesabu kuwa hapana mpaka upate namba. Usimbane kwa "ndiyo au siyo?", kwani atakupa ndiyo ya kuondoa aibu, na utalipia lori lisilo na kitu. Muulize hivi: "Mpaka jana yamefungwa magunia mangapi?" Epuka pia swali la kukanusha. "Mzigo haujatoka?" likijibiwa "ndiyo", huenda maana yake ni ndiyo, haujatoka. Uliza umetoka saa ngapi.

Muuzaji wa Tanzania naye ana sehemu yake. Mkenya akikwambia "hiyo bei ni ghali, siwezi", hajakasirika, ndiyo kwanza anafungua mazungumzo. Mjibu kwa bei. Na ukiona Alhamisi haiwezekani, mwambie tangu Jumanne. Kwake habari mbaya ya mapema ni heshima: atatafuta kwingine safari hii, na wewe atakurudia.

Mkishakubaliana, andikeni ujumbe mmoja. Sarafu zote mbili zinaitwa shilingi, lakini moja ya Kenya ni zaidi ya kumi za Tanzania, hivyo taja nchi kila unapoandika bei. Gunia nalo litajiwe kilo, la sivyo mmoja atakuwa anawaza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, na mwenzake gunia la kawaida. Saa iandike mara mbili, kwa sababu kijana aliyezoea kusoma saa kwa Kiingereza anaweza kusema "saa nane" akimaanisha asubuhi: "Magunia 20, kilo 100 kila moja, bila lumbesa, bei kwa shilingi za Tanzania, gari litoke Alhamisi saa mbili asubuhi, yaani 8:00."

Mwombe akurudishie hayo kwa maneno yake mwenyewe. Alama ya dole gumba inaonyesha ameuona ujumbe, haionyeshi kwamba amekubali.