Simu inafundisha, ila kwa Kiingereza

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama simu inatosha kumfundisha mtu lugha ya kigeni bila mwalimu. Sisi wa Masasi tungeanza na hili: inamfundisha kwa lugha gani?

Dada yangu anauza vitenge na vyombo vya plastiki sokoni. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, la kuvukia kwenda Msumbiji, lipo tangu 2010, na wateja wa Msumbiji tumewazoea. Wa jirani hawana shida, Kimakua na Kiyao tunasikilizana. Wanaotoka mbali, Beira huko, ndio wanaotaka Kireno, na dada akaamua ajifunze.

Nikamwekea programu moja maarufu. Kitu cha kwanza ikamuuliza anazungumza lugha gani. Tukashusha orodha, tukaipandisha, Kiswahili hakimo. Ikabidi achague Kiingereza, alichoachana nacho darasa la saba. Jioni ile akakaa barazani, daftari mapajani. Anaonyeshwa sentensi ya Kireno pamoja na picha, anaielewa vizuri kabisa, lakini anatakiwa aandike maana yake kwa Kiingereza. Akikosea herufi moja ya Kiingereza, amekosa Kireno! Mwanawe wa kidato cha pili akawa mkalimani wake hadi usingizi ukamchukua mtoto wa watu.

Iliniuma, na bado inaniuma. Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tangu 2019, sawa na Kireno chenyewe. Mzungu naye anajifunza Kiswahili kwa Kiingereza chake kwenye Duolingo, programu ya kujifunzia lugha, tangu 2017. Mama wa Masasi je?

Nilipoanza barua hii nilitaka kusema programu hizi hazitufai. Lakini dada hakuziacha. Maswali aliyapa kisogo, akawa anasikiliza sauti na kuzirudia, anaandika anavyosikia, kisha maana anaitafuta Google Tafsiri, ambayo inapokea Kireno na kutoa Kiswahili. Siku hizi bei anaitaja kwa Kireno. Alichofundishwa ni cha Brazil, na Msumbiji wanafuata zaidi cha Ureno, kwa hiyo wateja humrekebisha matamshi huku wakichagua vitenge.

Basi nasema ndiyo, watu wapakue, wenye bando la kutosha. Ila dada ana wateja wa kuzungumza nao kila wiki. Kwa aliye Liwale, asiyekutana na Mreno wala Mmsumbiji, sithubutu kumwahidi hivyo.

Msomaji, Masasi