HSA sio bima, ni akiba yako ya matibabu

Dada umeuliza hiyo HSA uliyoiona kwenye fomu za kazi mpya hapo Marekani ni bima nyingine au vipi. Hapana, ni akaunti ya akiba ya matibabu, hela ni yako kabisa, ukihama kazi unaondoka nayo na mwaka ukiisha haifutwi. Ila lazima uwe na ile bima ambayo unalipa kwanza mfukoni ndo yenyewe ianze kulipa, kwa 2025 hicho cha kulipa kwanza kilikuwa kuanzia dola 1,650 kwa mtu mmoja.

Utamu uko kwenye kodi jamani. Hela inakatwa kwenye mshahara kabla ya kodi, ukiiwekeza faida haikatwi, na ukitoa kulipia daktari, dawa, meno au miwani haikatwi pia. Chukulia unaweka dola 100 kwa mwezi, mwaka 1,200, kama kodi yako ya mapato ni asilimia 12 ujumlishe na ile asilimia 7.65 ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee), hapo umeokoa kama dola 235. Kiwango cha juu cha kuweka kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 4,300 kwa mtu mmoja, familia 8,550, na anachochangia mwajiri kimo humo humo.

Sasa hapa wengi wetu tunaumia: bili ya hospitali ya mama huko Tanzania haihesabiki, ukitoa kwa hiyo kabla hujafika miaka 65 unalipa kodi na faini asilimia 20 juu. Na tunza risiti, mimi ya jino nililong'oa niliipiga picha palepale kaunta.