Maswali ya jikoni: Noeli inakaribia, na mpishi naye akae mezani

Maswali ya mwezi huu ni mengi kuliko kawaida, na karibu yote yanazunguka jambo moja: chakula cha sikukuu kipikwe nyumbani haraka, bila kumtesa mtu. Yanayofanana nimeyaunganisha. Ninajibu kwa jiko la Bukavu, hapa Kongo, kama lilivyo, yaani mbabula (jiko la makala, au mkaa) moja au mbili, umeme unaokuja na kwenda, maji ya bidoni na mvua ya Desemba. Mwenye jiko la gesi atapunguza dakika, mengine ni yale yale.

"Mama, shikamoo. Tarehe 24 natoka kazini saa kumi na moja jioni. Wageni sita wanafika saa moja na nusu, na nyumbani tupo wawili. Nina mbabula moja tu. Nipike nini?" (Dada wa Nyawera)

Marahaba, dada. Pika wali, sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) wa kukaanga, mchuzi wa tomati na lengalenga (mchicha) ya karanga. Basi. Vitu vinne kwa moto mmoja vinawezekana ukifuata mpangilio. Ukiongeza cha tano, wageni watakukuta bado umeinama kwenye moshi, na hilo ndilo ninalolipinga kila mwaka katika safu hii.

Kilo moja ya mchele na kilo mbili za sambaza zinawatosha watu wanane. Sambaza wanunuliwe asubuhi, mitumbwi ikishatoka ziwani, kwa hiyo tuma mtu unayemwamini. Aangalie haya: sambaza wa usiku ule anang'aa, jicho lake ni safi, tumbo limefungika. Wa jana ana rangi ya majivu na tumbo linapasuka ukimgusa. Aoshwe, achujwe, awekwe kwenye frigo. Umeme ukikatika, frigo isiyofunguliwa inatunza baridi yake kwa saa nne hivi, basi waambie watoto waache kuichungulia. Kama huna frigo wala jirani mwenye nayo, usihangaike na wabichi. Nunua sambaza wakavu, waoshe kwa maji ya vuguvugu, uwaunge kwenye mchuzi wa tomati.

Halafu tazama mwezi kabla ya kupanga. Wavuvi wetu wanavua kwa taa, na samaki wanafuata mwanga. Mwezi mpevu ukiangaza ziwa lote, taa inakosa nguvu, sambaza wanakuwa wachache na bei inapanda. Noeli ikiangukia siku hizo, wakavu wanunuliwe mapema.

Ukifika nyumbani washa makala kwanza, ndipo ubadili nguo. Makala yanapokolea, osha mchele, kata vitunguu, saga tomati. Wali utangulie motoni. Maji yakishakaribia kukauka, ipua sufuria na mfuniko wake, izungushie blanketi nzito, uiweke pembeni. Wali utamalizia kuiva ndani ya joto lake mwenyewe na utabaki wa moto mpaka wageni wakae, huku mbabula yako iko huru. Fuata na mchuzi, robo saa. Lengalenga inataka dakika kumi tu: mimina karanga zilizosagwa na maji kidogo, koroga, ipua.

Sambaza ni wa mwisho. Wafute maji vizuri, chumvi, unga kidogo sana, mafuta yawe ya moto kweli. Weka wachache kwa mara moja. Ukijaza kikaango, mafuta yanapoa na samaki wanayanywa badala ya kukauka. Hapo ndipo wengi wanawalaumu sambaza bure. Wageni wakiwa wamekaa, wewe unatoa fungu la mwisho na kuvua kitenge cha jikoni.

"Maggi ngapi kwenye mchuzi wa watu kumi?" (Wengi sana)

Moja. Ina chumvi tayari, basi onja kabla ya kuongeza nyingine.

"Dada yangu wa Uvira anaivisha maharagi upesi, mimi hapa Bagira nachochea moto saa tatu nzima. Anasema mimi ni mvivu. Niweke soda ya unga?" (Mama wa Bagira)

Wewe si mvivu, mama. Uvira iko ukingoni mwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Bukavu tuko karibu mita 1,500, na wenye nyumba za mlimani wako juu zaidi. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka yakiwa na joto dogo zaidi. Huko Uvira yanachemka kwenye nyuzi 97 na zaidi kidogo, hapa kwetu ni kama 95. Tofauti inaonekana ndogo, lakini punje ya haragi inaihisi.

Na sasa sikia vizuri, kwa sababu hapa ndipo makala yanapopotea: maji yakishachemka hayapandi joto tena, hata ujaze mbabula mpaka juu. Kuchochea hakuivishi haraka, kunakausha maji tu. Maharagi yalowekwe tangu jioni, usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, weka mengine, chemsha kwa nguvu dakika kumi za kwanza, kisha punguza moto. Dakika hizo kumi usiziruke, hasa kwa maharagi mekundu: yakiivishwa polepole kwa moto dhaifu tangu mwanzo yana sumu inayotapisha watu mezani. Tomati na chumvi vingoje punje ilainike, maana uchachu wa tomati unachelewesha. Haragi la zamani, lililokaa ghalani muda mrefu, halitalainika upesi hata ufanyeje. Muulize muuzaji ni la mavuno gani.

Soda inalainisha, sikatai. Lakini inaua vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Pesa ya soda iweke pembeni kila wiki, ununue sufuria ya presha. Ndani yake joto linapita nyuzi 110, na maharagi yaliyolowekwa yanaiva chini ya saa moja. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu kila gunia la makala limetoka kwenye mlima fulani. Mbuga ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, ikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 imo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Miti yake nayo inachomwa makala. Tusiichome kwa ajili ya maji ambayo tayari yanachemka.

"Sombe ya Noeli naweza kuipika dakika ishirini? Na nikifunika sufuria si itaiva haraka?" (Cimpunda, Panzi, Nguba, na wengine)

Hapana, na hapana. Swali hili linarudi kila Desemba, na kila Desemba najibu vilevile. Naomba safari hii mkate jibu mlibandike ukutani.

Sombe ni jani la muhogo, na jani hilo lina kitu ambacho, likitwangwa, kinatoa sumu ya sayanidi. Sumu hiyo ni nyepesi, inaruka hewani hata kwenye joto la nyuzi 26. Ndiyo maana bibi zetu walitwanga sana na kuchemsha sufuria ikiwa wazi: kinu kinaifungua sumu, mvuke unaibeba. Wewe ukifunika, unaifungia ndani irudi kwenye mboga. Sombe unayoipata sokoni Kadutu ikiwa imetwangwa tayari bado ni mbichi, kutwangwa si kuiva. Maji mengi, bila mfuniko, saa moja kwa uchache. Mawese, vitunguu, karanga na samaki vifuate baada ya hapo.

Wanaosema "sisi tumekula na hatukufa" waulize habari za konzo. Ugonjwa huo uliandikwa na madaktari kule Kwango mwaka 1938, na bado unawapata watu katika nchi yetu. Unatokana na mizizi ya muhogo mchungu isiyolowekwa vya kutosha, hasa kwa watu wasiopata nyama, samaki wala maharagi. Mtu analala mzima, anaamka miguu haimtii, na haiponi. Mizizi si majani, najua, lakini sumu ni ile ile na haraka ni ile ile. Ukitaka mboga ya haraka, lengalenga ipo.

"Mke wangu anataka niende sokoni na nikaange samaki siku ya Noeli. Kwetu mwanaume haingii jikoni. Nimjibuje bila ugomvi?" (Papa wa Kadutu)

Mjibu hivi: "Nipe kikapu."

Papa, kwa heshima. Mishikaki ya mbuzi unayoila jioni kando ya barabara inachomwa na nani? Ni vijana wa kiume, mkono mmoja kipepeo, mwingine chumvi na pilipili, na hakuna anayewaambia wameacha uanaume wao. Basi jiko si tatizo. Tatizo ni kwamba kazi ya barabarani inalipwa, ya nyumbani hailipwi.

Mimi nimekaa kwenye sikukuu nyingi za mji huu, na karibu kila nyumba naona hili: sala inasomwa, watu wanasifu chakula, na aliyekipika yuko nyuma, amesimama, anakwangua ukoko wa bugali ili ale baadaye. Watoto wanaona na kujifunza. Binti anajifunza kwamba sikukuu ni kazi, kaka yake anajifunza kwamba sikukuu ni kiti. Mke wako hajakuomba mabadiliko ya dunia. Amekuomba kilo mbili za samaki na nusu saa ya moto. Nenda asubuhi, chagua wale wanaong'aa, rudi, vaa nguo usiyoijali mafuta. Na mkimaliza, mwanao wa kiume aoshe masufuria.

"Mvua ikinyesha naruhusiwa kuingiza mbabula sebuleni? Makala yakishakuwa mekundu hayatoi moshi." (Mama kijana, Panzi)

Usiingize, mwanangu. Hili ndilo swali zito kuliko yote ya leo, ingawa umeliuliza kwa mistari miwili.

Hatari kubwa hapa si moshi, kwa sababu moshi unauona na unakukohoza. Makala mekundu yasiyo na moshi yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni. Kwanza kichwa kinauma, halafu kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Watu wanadhani ni uchovu wa sikukuu au pombe, wanajilaza, hawaamki. Kufungua dirisha moja hakutoshi. Mbaya zaidi ni ile tabia ya kuingiza mbabula chumbani usiku ili watoto wapate joto, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Naomba nyumba yako isifanye hivyo hata mara moja.

Pika barazani chini ya bati, au mkubaliane na jirani mwenye jiko la nje mpike pamoja. Mvua ikizidi sana, chakula kichelewe. Mtu akilalamika kichwa ndani ya chumba chenye makala, wote watoke nje kwanza, maswali baadaye, na aliyelegea apelekwe hospitali.

"Nataka kupika bata mzinga mzima kama kwenye televisheni. Nifanyeje?" (Ibanda)

Una oveni, na una umeme wa uhakika kwa saa tatu au nne? Kama jibu ni hapana, acha. Sikukatazi kwa sababu ni chakula cha wageni. Sambaza wenyewe hawakuwa wa Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna meza ya Bukavu isiyowajua. Walikubalika kwa sababu wanakubaliana na moto wetu. Bata mzinga mzima hakubaliani nao: nje ataungua, kwenye mfupa atabaki mbichi. Chukua sungura, mkate vipande, muunge na vitunguu na tomati, kwa saa moja ameiva.

Na wale wa kuku wa barafu: asiyeyuke juu ya meza mchana kutwa. Mweke kwenye frigo tangu jana yake, au ndani ya mfuko uliofungwa vizuri kwenye maji baridi, ukibadili maji kila nusu saa, na apikwe mara moja. Kabla ya kulipa muulize muuzaji umeme ulikatika lini. Kuku mwenye barafu nyingi ya mapande ndani ya mfuko huenda aliyeyuka akagandishwa tena; mwachie.

"Kitu cha mwisho kitamu, bila oveni?"

Nanasi la kisiwa cha Idjwi.

"Wali wa Noeli ukibaki kwenye sufuria mpaka asubuhi, si tunaupasha tu?" (Mwanafunzi, Nguba)

Kupasha hakutoshi. Ndani ya mchele mna vijidudu ambavyo mbegu zake zinavumilia kuchemshwa. Wali ukikaa bila baridi vinaamka na kutengeneza sumu, na sumu hiyo haiondoki hata uuchemshe tena. Usiku wa Bukavu una ubaridi, lakini si ubaridi wa frigo, na sufuria iliyofunikwa inakaa na joto lake muda mrefu.

Wali usikae nje zaidi ya saa mbili tangu uanze kupoa. Mwenye frigo autandaze kwenye sinia upoe upesi, aufunike, auweke ndani, na kesho auchemshe mpaka utoe mvuke mahali pote. Asiye na frigo apime mchele kwa watu waliopo, na kinachobaki akigawe usiku ule ule, wageni waondoke nacho wakale kabla ya kulala.