Seguro privado: maneno ya kusoma kabla hujalipa

Kwa viza ya masomo ya Hispania utaombwa seguro médico privado, yaani bima binafsi ya matibabu. Wengi hukimbilia bima ya safari, na hapo ndipo maombi hukwama: ile ya euro 30,000 ya watalii wa Schengen hulipia dharura, wakati ubalozi unataka matibabu kamili kutoka kampuni iliyoidhinishwa kufanya kazi Hispania. Usiichanganye pia na Seguridad Social, mfuko wa umma wanaouchangia mwajiri na mfanyakazi.

Maneno mawili ndiyo yanayoangusha watu. La kwanza ni copago: pesa unayotoa mfukoni kila ukimwona daktari au ukipimwa, juu ya malipo ya kila mwezi. Bima yenye copago huwa na bei ya kuvutia, na kwa viza haifai. Tafuta "sin copagos", yaani bila copago. Ukiona "copago reducido" au "copago limitado", jua copago bado ipo, imepunguzwa tu.

La pili ni carencia (Madrid c ya pili hutamkwa kama th ya thelathini). Huu ni muda wa kusubiri: unalipa kila mwezi, lakini huduma fulani bado zimefungwa. Upasuaji wa kupangwa husubiri miezi 6 kwa kawaida, uzazi 8 au 10. Dharura inayotishia maisha haisubiri; ngiri ya siku nyingi itasubiri.

Wakala atakwambia kwa simu kwamba carencia imefutwa. Mwambie aiandike. Jedwali la carencia hukaa kwenye Condiciones Generales, kijitabu kirefu ambacho hakuna anayekisoma. Kufutwa kwake lazima kuonekane kwenye Condiciones Particulares, zile kurasa chache zenye jina lako. Kisha omba certificado, yaani cheti cha bima, yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe za kuanza na kwisha, na maneno "sin copagos, sin carencias".

Kwenye dodoso la afya, usifiche pumu wala kisukari. Ukidanganya makusudi, sheria inairuhusu kampuni kukataa kulipa.

Mkataba wa mwaka kwa kawaida hujirefusha wenyewe. Kama hutaki kuendelea, toa taarifa kwa maandishi mwezi 1 kabla haujaisha. Na kabla ya kulipa mwaka mzima, uliza kwa barua pepe kama pesa inarudi viza ikikataliwa.